Kusulubu na Kusulubika: Neno la Kazi, Neno la Msalaba



Ukipita katika mashamba ya minazi ya Kisiwa cha Mafia wakati wa jua kali, ukamkuta mkwezi ameshuka na panga lake, ukamwambia, "Pole na kazi, bwana," unaweza kujibiwa kwa ufupi: "Tumeshapoa, lakini leo tumesulubika." Mkristo asiyezoea lugha ya kazi hushtuka kidogo akilisikia jibu hilo. Yeye neno hili amelizoea siku ya Ijumaa Kuu. Kila tunapoungama imani yetu tunasema kwamba Bwana alisulubiwa, na wengine kati yetu hutamka alisulibiwa. Je, mkwezi amelichukua neno la Kanisa na kulishusha shambani?

Hapana. Ametumia neno lake mwenyewe, kwa maana yake halali. Katika Kiswahili kitenzi kusulubu kina maana mbili zinazokaa nyumba moja: kumtundika mtu msalabani, na kumchosha au kumtesa mtu kwa kazi nzito kupita kiasi. Tumeona vema kulieleza neno hili kwa mafrateri wanaojiandaa kuhubiri, na kwa waamini wanaosikiliza mahubiri. Mhubiri akizichanganya maana hizi mbili bila uangalifu, anaweza kumwongezea mzigo mtu aliyekuja kanisani kuutua.

Asili na matumizi ya neno

Neno hili limetoka Kiarabu. Katika lugha hiyo herufi tatu zilezile, sadi, lamu na ba, hubeba mafungu mawili ya maana. Fungu la kwanza ni ugumu na uimara, na humo limo pia jina la uti wa mgongo. Fungu la pili ni msalaba na tendo la kumtundika mtu juu yake. Waswahili walipokea mafungu yote mawili. Kutoka la pili tumepata msalaba, kusulubiwa na Msulubiwa. Kutoka la kwanza tumepata sulubu kama nomino, yaani nguvu na uimara wa mwili. Kijana mwenye sulubu ni yule anayeweza kubeba gunia bila kutetereka. Kutoka hapo tuna suluba, yaani kazi nzito ya kutumia nguvu nyingi. Tunaposema "kazi ya suluba" hatumaanishi kazi yoyote ile. Tunamaanisha ile inayoukamata mgongo.

Katika mazungumzo ya kila siku utasikia matumizi kama haya:

"Kazi ya kubeba mawe imenisulubu." Hapa kazi yenyewe ndiyo iliyomchosha msemaji.

"Mama yule amejisulubu mpaka watoto wamesoma." Hapa mtu amejitwika taabu kwa hiari, kwa ajili ya wengine.

"Bosi wake anamsulubu." Hapa kuna mtu anayemtesa mwenzake kwa kazi.

"Watu wanasulubika." Hapa taabu inatajwa, lakini aliyeileta hatajwi.

Vijana wa siku hizi wanayo maneno mengine ya jambo hilohilo. Husema wanahenyeka, wanasota, wanapigika. Hata hivyo kusulubika kuna uzito wake, hasa masikioni mwa Mkristo, kwa sababu kila anayelisema anaugusa Msalaba, ajue asijue.

Hapo tuongeze tahadhari. Wakazi wengi wa Mafia ni Waislamu, na Wakristo ni wachache. Mkwezi Mwislamu akisema amesulubika, hafundishi jambo lolote juu ya Golgota. Anasema mwili wake umechoka. Mtu wa Kanisa asiharakishe kulibatiza neno la jirani yake kabla hajamsikiliza anachosema.

Suluba ya kisiwa

Kwa nini tumechagua Mafia? Kwa sababu huko maana ya suluba haihitaji kamusi. Nazi huangushwa kwa kukwea mti mmoja baada ya mwingine. Zikishaanguka hukusanywa, hubebwa, kisha hufuliwa moja moja kwenye kifuo, ule mti wenye ncha uliosimikwa ardhini. Nyingine hupasuliwa na kukaushwa ziwe mbata. Makumbi hayatupwi: yakizikwa kwenye tope la pwani kwa miezi kadhaa, hufukuliwa na kupondwa ili zipatikane nyuzi za kamba. Wanawake husuka mikeka na makuti, huingia majini kwenye mashamba ya mwani, na maji yanapotoka sana wakati wa bamvua huenda miambani kutafuta pweza. Katika kisiwa kidogo cha Jibondo, maarufu kwa mafundi wa vyombo, mbao hupasuliwa na kuunganishwa kwa mikono. Wavuvi hukesha baharini, na kusi likivuma hawana pa kujificha.

Kazi hizi ni za heshima. Zimelea familia na zimejenga nyumba. Lakini kisiwa hiki pia kinakumbuka suluba ya aina nyingine. Katika karne ya 19 mashamba makubwa ya minazi yalilimwa kwa mikono ya watumwa walioletwa kutoka bara. Wenye mashamba wengi walikaa katika kisiwa cha Chole, na watumwa wakafanya kazi katika kisiwa kikubwa. Mwaka 1890, kwa mkataba kati ya Uingereza na Ujerumani, Mafia iliingizwa chini ya Wajerumani, lakini utumwa haukuishia hapo. Ulikomeshwa kisheria katika Tanganyika mwaka 1922, wakati wa utawala wa Waingereza. Pwani ilikuwa pia na neno shokoa, maana yake kazi ya kulazimishwa.

Kuna masimulizi ya kale ambayo wazee wa Mafia wamekuwa wakiyarithishana, kuhusu miji miwili iliyobaki magofu: Kua katika kisiwa cha Juani, na Kisimani. Inasimuliwa kwamba watu wa Kisimani waliunda chombo, wakawaalika watu wa Kua kwenye sherehe. Siku ya kukishua, wakawachukua watoto wa Kua, wakawalaza mchangani, na chombo kikapitishwa juu ya miili yao hadi majini. Baada ya miaka kadhaa Kua walilipa kisasi: waliwaalika wa Kisimani harusini, wakawajengea ukuta na kuwafungia ndani ya chumba. Haya ni masimulizi, nasi hatuyatoi kama ushahidi wa mahakamani. Lakini waliyoyatunza walijua wanatuonya juu ya nini. Mtu anapogeuzwa kuwa gogo la kushulia chombo cha mwenzake, mwisho wake ni kifo cha wengi.

Sarufi inauliza swali

Turudi kwenye neno, kwa maana sarufi yake inafundisha jambo. Linganisha kauli mbili hizi: "amesulubika" na "amesulubiwa". Ya kwanza inaeleza hali. Ni kama tunavyosema kikombe kimevunjika: hatusemi nani amekivunja, pengine hatutaki kusema. Ya pili inadai jibu: amesulubiwa na nani?

Mnyonge mara nyingi hutumia kauli ya kwanza. "Tumesulubika." Hamtaji mtu, kwa sababu anaogopa kukosa kibarua kesho, au kwa sababu amezoea kuiona taabu yake kama mvua, jambo linalokuja lenyewe. Na wakati mwingine ni kweli hakuna wa kumtaja. Jua, upepo na mwamba havina mkataba na mtu. Kitabu cha Mwanzo kimetuambia tangu sura ya tatu kwamba mwanadamu atakula chakula kwa jasho lake.

Sasa tazama Kanuni ya Imani. Kanisa halikusema kwamba Yesu alisulubika, kana kwamba msalaba ulimwangukia njiani. Tunasema alisulubiwa, na katika sentensi ileile tunamtaja mtawala ambaye jambo hilo lilifanyika chini ya mamlaka yake, Ponsyo Pilato. Yesu alijitoa kwa hiari, kama anavyosema mwenyewe katika Injili ya Yohane sura ya 10. Lakini hiari yake haikumsafisha Pilato. Mateso yake yalituokoa, na hata hivyo hukumu iliyomtesa ilibaki kuwa hukumu ya dhuluma. Mambo haya mawili Kanisa limeyashika pamoja tangu mwanzo, nasi tunapaswa kuyashika pamoja tunapozungumza na mtu aliyesulubika kazini.

Jirani yake: kutumikisha

Neno lililo karibu zaidi na kusulubu ni kutumikisha. Nalo tuliangalie, kwa kuwa linatoka katika ukoo ambao Kanisa linautumia kila siku. Kutokana na kitenzi kutuma tumepata mtume, mtumishi, na pia mtumwa. Tunamtumikia Mungu, tunawatumikia wenzetu. Tofauti kati ya kutumikia na kutumikisha ni silabi moja tu, lakini katika maisha ni umbali wa kutoka Misri hadi nchi ya ahadi. Anayetumikia anajitoa. Anayetumikisha anamtoa mwenzake.

Kitabu cha Kutoka kinaanza na habari hiyo hasa. Farao aliwatwika Waisraeli kazi za udongo na matofali ili kuwavunja nguvu, na walipoomba nafasi ya kwenda kumwabudu Mungu, aliwanyima majani makavu ya kutengenezea matofali huku akidai idadi ileile. Alisema wanaomba kwa sababu ni wavivu. Hiyo ndiyo alama ya anayetumikisha mahali popote: mtu akilalamika kwamba amechoka, huitwa mvivu.

Wahenga wetu wana methali mbili zinazofaa hapa. Ya kwanza husema kwamba mchumia juani hulia kivulini. Ni methali ya haki, inayosifu bidii. Uovu huanza pale anayechuma juani ni mmoja, na anayekula kivulini ni mwingine. Ya pili ni ile ya punda afe, mzigo ufike. Hii hutumiwa kusifu ari, lakini masikioni mwa Mungu haisikiki vizuri. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 5, amri ya kupumzika siku ya saba inamtaja mtumwa, inamtaja mgeni, inamtaja ng'ombe, na inamtaja punda kwa jina lake. Sababu inayotolewa ni kwamba ninyi wenyewe mlikuwa watumwa Misri. Mungu wa Biblia hataki punda afe.

Mafundisho ya Kanisa na sheria ya nchi

Mwaka 1890, uleule ambao Mafia ilibadilishiwa mtawala kwa mkataba wa Ulaya, Papa Leo XIII alitoa waraka juu ya utumwa katika Afrika, akaagiza mchango wa kila mwaka siku ya Tokeo la Bwana kwa ajili ya kupambana nao. Mwaka uliofuata, 1891, alitoa waraka Rerum Novarum juu ya hali ya wafanyakazi. Humo alifundisha kwamba si haki wala si utu kumsaga mtu kwa kazi nyingi hadi akili yake ipumbazike na mwili wake uchakae. Alisema pia kwamba muda wa kazi upimwe kwa kuangalia aina ya kazi, majira, na afya ya anayeifanya, na kwamba watoto wasitumiwe katika kazi zisizolingana na umri wao. Papa Leo XIV, alipochaguliwa mwaka 2025, alieleza kwamba waraka huo ndiyo sababu kuu ya kuchagua jina lake.

Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka Laborem Exercens wa mwaka 1981, aliitazama kazi katika mwanga wa Msalaba na Ufufuko. Anafundisha kwamba mtu anayeivumilia taabu ya kazi akiwa ameungana na Kristo anashiriki kwa namna fulani kazi ya ukombozi. Lakini ni waraka huohuo unaotetea mshahara wa haki, mapumziko, na haki ya wafanyakazi kuungana katika vyama. Anayeunukuu upande mmoja tu ameukata vipande viwili.

Sheria ya nchi yetu nayo haiko kimya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida za kazi zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na inampa mfanyakazi pumziko la angalau saa 24 kila wiki. Saa za ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Inakataza kazi ya kulazimishwa. Inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kufanya kazi mgodini, kiwandani, wala kama baharia. Ni kweli kwamba mkwezi anayelipwa kwa hesabu ya minazi, au mvuvi anayesubiri mgao wa usiku, mara nyingi hana mkataba wa maandishi mkononi. Ndiyo maana dhamiri ya mwenye shamba na mwenye chombo inatakiwa kufika pale ambapo mkaguzi hafiki.

"Huo ni msalaba wako"

Hapa ndipo neno letu linapokuwa jambo la uzima. Ni rahisi kwa mhubiri, akiwa na lugha inayoziweka kazi nzito na msalaba katika neno moja, kumwambia mtu aliyechoka: "Vumilia, huo ni msalaba wako." Wakati mwingine ni maneno ya kweli. Mama anayejisulubu kwa ajili ya mtoto mgonjwa anastahili kusikia kwamba Kristo yuko pamoja naye, na kwamba hakuna hatua yake inayopotea.

Lakini binti wa miaka 13 anayefanya kazi za ndani tangu alfajiri hadi usiku wa manane, bila shule na bila mshahara, huyo hajabeba msalaba aliopewa na Mungu. Amebebeshwa na mtu. Kumwambia avumilie ni kumsaidia Pilato kunawa mikono. Kabla ya kusema lolote, basi, mhudumu wa Kanisa ajiulize maswali matatu. Taabu hii inatokana na nini: hali ya dunia, upendo wa anayeibeba, au dhuluma ya mwingine? Inaweza kupunguzwa? Na mimi nimefanya nini kuipunguza?

Katika Njia ya Msalaba, kituo cha tano, tunamkuta Simoni wa Kirene. Hakutoa hotuba juu ya faida za mateso. Aliingiza bega chini ya mti. Huko ndiko mahali pa Kanisa mbele ya waliosulubika.

Kwetu nyumbani

Tusiishie kuwanyoshea kidole wenye mashamba. Neno hili linaingia pia katika nyumba zetu, parokia zetu na seminari zetu. Mlinzi wa parokia anapumzika siku gani? Mpishi wa seminari anaondoka saa ngapi, na nani anampa pole? Katekista anayetembea vigango vitatu kwa Dominika moja analipwa nauli, au tunamwambia atalipwa mbinguni? Mama wa Jumuiya Ndogo Ndogo ambaye kila sherehe humkuta jikoni, nani amewahi kumwambia, "Leo keti, sisi tutapika"? Na frateri aliyezoea kazi za mikono kama sehemu ya malezi yake akumbuke kwamba yeye ana kengele ya kumaliza. Wako wengi wasio na kengele.

Dominika ina kazi hapa. Si siku ya kuhudhuria Misa tu. Ni tangazo kwamba mwanadamu si chombo cha kazi. Tunakwenda kanisani kumwabudu Msulubiwa aliyefufuka. Tusimwache nyumbani jikoni mtu ambaye kupumzika kwetu kumenunuliwa kwa kuchoka kwake. Mwajiri Mkristo anayeanzia hapo, kwa kumpa mtumishi wake siku yake ya pumziko kamili, amelielewa neno kusulubu kuliko aliyesoma makamusi yote.

Na ukikutana na mtu akakuambia amesulubika, usilipite neno hilo haraka. Mwambie pole. Kisha, kwa upole na kwa siri inayostahili, muulize: "Na nani?"